Sura ya Tano: Kufungua kwa Nia ya Kufunga

Ilikuwa imeviringishwa katika kipande cha turubai na kufungwa kwa kamba. Mzee aliyekuwa akiiuza, katika soko la vitu vya kale hapa Birmingham, alifungua fundo moja baada ya jingine bila kuikata ile kamba, na kwa hilo peke yake nikamwamini. Alisema ilikuwa ya baba yake, na kwamba ilikaa katika banda la bustani tangu baba huyo alipofariki. Kutu ilikuwa imeivaa kuanzia mdomo wa mtutu hadi mwisho wa silinda, nyekundu kama vumbi la Korogwe wakati wa kiangazi. Wenzo wa chini haukusogea hata nilipouvuta. Kitako cha mbao kilikuwa na ufa mwembamba karibu na shingo.

Nilipitisha kidole gumba juu ya silinda. Macho hayakuona kitu, lakini kidole kiliona: chini ya ile kutu kulikuwa na herufi zilizogongwa kwenye chuma. B. Kisha S. Kisha A.

Herufi hizo nilizijua kabla sijajua kusoma. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli Tanga, na baiskeli yake mwenyewe, ambayo hakumwazima mtu, ilikuwa na nembo mbele ya usukani: bunduki tatu zimesimamishwa na kuegemezana, kama kuni zinavyopangwa kabla ya kuwashwa. Nilipomuuliza kwa nini baiskeli ina picha ya bunduki, alinijibu bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Mwanangu, waliotengeneza hii walianza na zile."

Nikamlipa yule mzee, nikaiviringisha tena ndani ya turubai lake, nikaipeleka nyumbani. Ilikuwa bunduki ya upepo, BSA Standard, mojawapo ya "zile".

Sura hii inahusu kuifungua, basi. Kuifunga kutakuja katika sura inayofuata. Nimetenga sura nzima kwa kufungua kwa sababu hapo ndipo vitu vya kale vinapouawa. Chuma kinaweza kuvumilia kutu kwa miaka tisini, kisha kikafa jioni moja mikononi mwa mtu mwenye pupa na bisibisi isiyofaa. Yeyote anaweza kufungua. Fundi ni yule anayefungua huku tayari anafikiria namna ya kufunga.

HERUFI TATU

BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki 14 wa mji huu. Walikuwa wameona kwamba kuchonga kila kipande kwa mkono kusingeweza tena kushindana na mashine, wakaungana, wakajenga kiwanda katika kitongoji cha Small Heath. Kazi ya silaha ina misimu yake. Serikali ilipopunguza ununuzi, mashine zilisimama, na mwaka 1880 kiwanda kikageukia baiskeli. Baadaye zikaja pikipiki, ambazo wazee wengi wa kwetu wanazikumbuka kwa mngurumo wake. Nembo ya bunduki tatu ilibaki palepale.

Bunduki ya upepo ilianza kutengenezwa mwaka 1905. Wazo lilikuwa la fundi mmoja wa Birmingham aitwaye Lincoln Jeffries, aliyepata hataza yake mwaka 1904. Bunduki nyingi za upepo za wakati ule zilivunjwa katikati: mtutu ulikunjwa kwenye bawaba ili kukaza springi, kisha ukarudishwa. Tatizo la bawaba analijua kila mwenye mlango wa zamani. Inalika, inalegea, na mtutu uliolegea haurudi pale ulipokuwa ukitazama. Jeffries aliuacha mtutu umesimama imara, hausogei kabisa, akaweka wenzo chini yake wa kukaza springi. Mlengaji akiona shabaha leo, kesho ataiona palepale.

Bunduki hizi zilipendwa sana na wafanyakazi wa viwandani. Jioni walikusanyika katika vilabu na baa za mtaani, wakatundika bamba la chuma lenye tundu dogo lisilofika upana wa sentimita moja, na nyuma ya tundu wakaweka kengele. Umbali ulikuwa yadi 6 tu, kama urefu wa chumba. Risasi ikipita tunduni, kengele inalia, na hakuna wa kubishana na kengele. Mashindano ya namna hiyo yanaendelea hadi leo katika baadhi ya vilabu vya eneo hili.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilisimamisha kazi hiyo, ikaanza tena 1919, ikakoma tena 1939. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga mabomu kiwanda cha Small Heath, na wafanyakazi 53 wakafa wakiwa kazini. Kuna ukumbusho wao pale. Nilikwenda kuutazama kabla sijagusa skrubu hata moja, kwa sababu bunduki yangu ina nambari inayoanza na herufi S na tarakimu 2 imegongwa juu yake, alama za Standard ya milimita 5.5 iliyotengenezwa baada ya Vita vya Kwanza. Ilitoka katika mtaa ule, ikapita katika mikono ya watu wa mtaa ule. Ukishasimama mahali hapo, hutarudi nyumbani ukashika nyundo kwa hasira.

PAMPU YENYE MTUTU

Aliyewahi kujaza upepo baiskeli tayari anaijua bunduki hii. Pampu ina bomba, ndani ya bomba kuna mti, na mwisho wa mti kuna ngozi ya duara iliyokunjwa kama kikombe. Ukisukuma, ngozi inatanuka, inabana kuta za bomba, na hewa haina pa kupita ila kwenye tundu dogo la mbele.

Bunduki ya upepo ni pampu hiyo hiyo, ila anayesukuma si mkono. Ukivuta wenzo, pistoni inarudishwa nyuma na springi nzito inakandamizwa hadi kifyatulio kinaponasa mkia wa pistoni. Ukibonyeza kifyatulio, springi inaachiwa, pistoni inakimbia mbele, na hewa yote ya silinda inabanwa kwa kufumba na kufumbua, ikatoka kwenye tundu jembamba kama sindano ya kushonea magunia. Mbele ya tundu hilo kuna kipande kidogo cha risasi. Kiswahili kimefanya vizuri hapa: risasi ni jina la madini, na risasi ni jina la kinachoruka. Kwenye bunduki hii maneno hayo mawili ni kitu kimoja, na ndiyo sababu unanawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza kuishika, kabla hujagusa chakula.

Kwa hiyo ndani ya chuma chote hiki kizito, zaidi ya kilo tatu, kinachofanya kazi hasa ni kipande cha ngozi kisichozidi ukubwa wa sarafu. Nilijua tangu mwanzo kwamba safari yangu inaelekea kwenye ngozi hiyo.

KABLA YA BISIBISI

Siku ya kwanza sikufungua chochote. Kwanza nilihakikisha kwamba haina risasi na haijakazwa. Bunduki ya upepo haina baruti, na hilo huwafanya watu waidharau, lakini springi iliyokazwa miaka thelathini iliyopita bado imekazwa leo. Niliielekeza kwenye ukuta wa matofali usio na mtu nyuma yake, nikaangalia kwa tochi kupitia mwanya wa chini ambamo kiungo cha wenzo hupita. Pistoni ilikuwa mbele, imelala. Springi imepumzika. Hapo tu ndipo nilipoiweka mezani.

Pia niliangalia sheria. Hapa England bunduki ya upepo yenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12 haihitaji leseni kwa mtu mzima. Scotland inahitaji hati tangu mwisho wa mwaka 2016. Msomaji aliye Tanzania, Kenya au kwingineko asichukue sheria ya Birmingham akaitumia nyumbani kwake. Ukikuta bunduki kama hii katika sanduku la marehemu babu, kituo cha polisi ndicho kituo cha kwanza. Bisibisi ije baadaye.

Kisha nikapiga picha. Kila upande, kila skrubu, kila kiungo, na karibu na kila kitu niliweka rula. Picha huonyesha umbo lakini hazionyeshi jinsi kitu kilivyokaza, kwa hiyo nilichora pia kwa penseli. Juu ya kipande cha boksi nilichora umbo la bunduki nzima, nikatoboa matundu mahali zilipo skrubu, ili kila skrubu itakayotoka ikae kwenye tundu lake. Mafundi wengi huona hiyo ni kazi ya mwanafunzi. Baba yangu alifanya vivyo hivyo kwenye mchanga mbele ya kibanda chake, akichora duara kwa kidole na kuweka gololi ndani yake, akiwa na miaka arobaini kazini.

Skrubu mbili zinaweza kufanana machoni na zisifanane kwenye uzi. Viwanda vya zamani vya Uingereza vilikata uzi kwa vipimo vyao wenyewe, na ukipoteza skrubu moja ya kifaa kama hiki, hakuna duka la vifaa vya ujenzi litakalokusaidia.

SKRUBU ZINASEMA

Kila kichwa cha skrubu ni ushahidi. Kwenye bunduki yangu, skrubu za kitako zilikuwa na mfuo safi, wenye kingo kali, maana yake hazikuguswa na asiyejua. Skrubu ya mhimili wa wenzo ilikuwa na majeraha: mfuo umetanuka upande mmoja na chuma kimevimba pembeni. Hapo mtu alitumia bisibisi nyembamba kuliko mfuo, ikateleza, akarudia kwa nguvu zaidi. Niliweza kuona hata upande alioegemea.

Mifuo ya skrubu za zamani ni myembamba na kuta zake ni wima. Bisibisi za kawaida zina ncha iliyochongwa kama kabari, pana juu na nyembamba chini, kwa hiyo ukikaza inajisukuma yenyewe kutoka nje. Nilichukua bisibisi tatu nikazinoa kwa jiwe hadi kila ncha ikajaa mfuo wake kuanzia chini hadi juu, bila kucheza. Kunoa kulichukua alasiri nzima. Kufungua skrubu nne za kwanza kulichukua dakika kumi.

Ile yenye majeraha haikukubali. Hapa inafaa kujua kutu ni nini. Chuma kinapokutana na maji na hewa, kinageuka kuwa kitu kingine chenye umbo kubwa zaidi. Kutu inahitaji mara mbili na zaidi ya nafasi ya chuma kilichoizaa. Ndani ya uzi wa skrubu hakuna nafasi. Kutu inapozaliwa humo inasukuma pande zote, na skrubu inabanwa kama kabari kwenye gogo. Ukitumia nguvu unashindana na kabari hiyo, na kitakachoshindwa kwanza ni kichwa cha skrubu.

Dawa yake ni mafuta mepesi na siku. Nilichanganya asetoni na mafuta ya gia otomatiki, mchanganyiko ambao mafundi magari wengi wanaujua, nikadondosha tone moja kuzunguka kichwa cha skrubu asubuhi na jingine jioni. Kila jioni niliweka ncha ya bisibisi na kuigonga juu yake kwa nyundo ndogo, mara tano au sita, ugongaji wa taratibu wa kuamsha, kwa sababu mtikisiko huvunja kutu vipande vidogo na mafuta hupata njia. Sikutumia moto wa gesi. Moto mkali hulegeza vipande vilivyotiwa ugumu kiwandani, na ukishalegeza kifyatulio, umetengeneza kitu cha hatari.

Jambo jingine nilijifunza kwenye baiskeli. Ekseli ya pedeli inashikwa na vikombe viwili vyenye uzi, na kile cha upande wa mnyororo hufunguka kwa kuzungusha kinyume na kawaida. Kipimo cha uzi huo, inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kila inchi, hadi leo kinaitwa BSA katika baiskeli mpya zinazotengenezwa duniani kote, ingawa wengi wanaokifunga hawajui herufi hizo zilitoka wapi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili nilipokaza kikombe hicho kwa spana kubwa nikidhani nakifungua. Baba alinishika mkono. "Kabla ya kutia nguvu, ujue inakwenda wapi." Kwenye bunduki hii nilitafuta kwanza, nikakuta skrubu ndogo pembeni mwa ile kubwa, iliyowekwa kuizuia isigeuke. Aliyenitangulia hakuiona. Majeraha yote yale yalitokana na skrubu ya ukubwa wa punje ya mchele.

Nilitoa ile ndogo kwanza. Siku ya sita, kubwa ikatoa mlio kama kidole kinachovunjwa kiungo, ikageuka robo. Nikaacha kazi kwa siku hiyo. Robo inatosha, ukitaka mzunguko mzima papo hapo, kutu iliyosagika ndani itakwama upya.

KOKI

Mbele ya silinda kuna kitu kinachonivutia kuliko vyote katika bunduki hii. Kwa kuwa mtutu haukunjwi, risasi inahitaji mlango wa kuingilia. Mlango wenyewe ni koki, sawa kabisa na koki ya shaba ya pipa la maji: kigingi cha umbo la pia, kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, chenye tundu lililopita katikati. Ukikigeuza, tundu linatazama juu na unadondosha risasi ndani yake, kichwa kwanza. Ukikirudisha, tundu linalingana na mtutu mbele na njia ya hewa nyuma.

Hakuna mpira wala ngozi ya kuzuia hewa hapo. Kuna chuma juu ya chuma tu. Ili isivuje, kila koki ilisuguliwa ndani ya tundu lake yenyewe hadi vikakubaliana. Koki ya bunduki nyingine, hata yenye nambari jirani, inaweza kuvuja katika hii. Vipande hivi viwili ni mume na mke, na kazi ya mfunguaji ni kutowatenganisha vibaya.

Nilifungua skrubu inayoshika upande mwembamba, nikaweka kijiti cha mbao ngumu juu yake, nikagonga mara moja. Koki ikatoka. Ilikuwa nyeusi na yenye kung'aa kama jicho la samaki mbichi, bila alama ya kutu. Mafuta ya mtu aliyeipenda bunduki hii bado yalikuwa humo. Niliifuta kwa kitambaa laini, nikaiweka katika kikopo chake peke yake. Msasa haukuikaribia. Ukiisugua koki hata kidogo ili ing'ae, umeiharibu kwa maisha yake yote.

SPRINGI

Hapa niombe msomaji atulie.

Nyuma ya silinda kuna kipande kizito kinachobeba kifyatulio, nacho kimefungwa kwa uzi kama kifuniko cha chupa. Mbele ya uzi huo, ndani ya silinda, kuna springi. Hata ikiwa haijakazwa kwa wenzo, bado imebanwa kidogo, kwa sababu urefu wake ukiwa huru unazidi nafasi iliyopewa. Uzi ukimalizika bila mtu kushika, kipande hicho huruka. Watu wameumia hivyo.

Nilitoa wenzo na kiungo chake kwanza, kisha nikafunga silinda kwenye jiliwa. Kati ya meno ya jiliwa na silinda niliweka mbao mbili zilizochimbwa nusu duara na kuvikwa ngozi, nikakaza kiasi cha kuzuia isizunguke. Silinda ni bomba. Ukilibana kupita kiasi linakuwa yai, na pistoni haitapita tena. Nilipasha moto sehemu ya uzi kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu chuma cha nje kikipata joto kwanza hutanuka kidogo na kuachia cha ndani. Nikasukuma kwa mti mrefu, kwa uzito wa mwili, bila kugonga. Mara ya nne uzi ukaachia.

Kuanzia hapo nilizungusha kwa mkono, nikihesabu, kifua kikiwa pembeni. Nyuma ya bunduki sikusimama, wala sikumruhusu mtu kusimama. Nilikuwa nimefunika sehemu hiyo kwa blanketi kuukuu na mkono wa kushoto ukisukuma mbele muda wote. Uzi ulipomalizika niliisikia springi ikiegemea kiganja changu, kama mbuzi anayesukuma mlango wa zizi. Nikairuhusu itoke polepole, sentimita kwa sentimita, hadi ikaisha nguvu.

Ilitoka imejaa grisi iliyogeuka lami. Nilipoisafisha kwa mafuta ya taa na kuibingirisha juu ya kioo, iliyumba: ilikuwa imepinda katikati. Springi iliyopinda hukwaruza pistoni kila inapofyatuliwa. Niliandika urefu wake, unene wa waya na idadi ya mizunguko, kwa sababu mpya itabidi ilingane nayo. Nguvu zaidi haihitajiki hapa, na kuizidisha ni kuiomba bunduki ya miaka tisini ikimbie mbio za vijana.

NGOZI

Kisha nikainamisha silinda, na pistoni ikateleza hadi kwenye kiganja changu.

Kibandani kwa Baba hazikuja baiskeli tu. Zilikuja karabai na majiko ya mafuta ya taa ya kupampu, kwa sababu nayo yana ngozi ndani. Mama mmoja jirani alileta karabai yake jioni ya kuamkia harusi, pampu inakwenda na kurudi lakini haishiki upepo. "Shikamoo fundi. Imekufa hii, na wageni wako njiani." Baba akamwitikia marahaba, akatoa ule mti wa pampu, akaibana ngozi kati ya vidole viwili. Ilikuwa kavu kama ganda la ndizi juani. Akaipaka mafuta, akaikanda kwa kidole gumba ikizunguka, muda mrefu, huku akizungumza na yule mama habari za harusi. Akairudisha. Karabai ikawaka. "Ngozi haikufa, dada," akamwambia. "Ilikuwa na kiu."

Nilipogeuza pistoni ya BSA kuelekea dirishani, nilikuta ngozi imekaza, nyeusi, imepasuka ukingoni, imeshikwa na skrubu moja katikati. Niliitoa. Nilipoipindua kuona upande wa ndani, nikaona vitundu vitatu vidogo vimejipanga mstari mmoja, sawa kabisa, umbali sawa. Kiwanda hakiweki vitundu kwenye ngozi ya pistoni, vingepitisha hewa. Nilivitazama muda, kisha nikavitambua. Vilikuwa matundu ya sindano. Ngozi hii ilikatwa kutoka kwenye kiatu.

Mtu, katika mwaka ambao ngozi ya kiwandani haikupatikana au pesa haikuwepo, alichukua kiatu kilichochakaa, akakata duara la ngozi yake, akailoweka, akaikandamiza kwenye kitu chenye umbo la kikombe hadi ikakauka katika umbo hilo, akaipaka mafuta, akaifunga. Matundu ya uzi aliyaweka upande unaoegemea chuma, ambako yasingepitisha hewa. Alifikiria. Na alifunga vizuri, kwa sababu bunduki ilifyatuliwa mara nyingi baadaye; ukingo wa ngozi ulikuwa umelika sawasawa pande zote, kama soli ya mtu anayetembea wima.

Niliiloweka usiku kucha katika mafuta ya kwato za ng'ombe, mafuta yaliyotumika tangu zamani kwa ngozi za hatamu na matandiko. Asubuhi ilikuwa laini tena. Ilikuwa na kiu, ila pia ilikuwa na mpasuko, na huo haurudi. Nitatengeneza mpya katika sura ijayo. Hii ya kiatu niliifunga kwenye bahasha, nikaandika juu yake nambari ya bunduki, nayo itakwenda pamoja na bunduki popote itakapokwenda.

Neno moja la tahadhari hapa. Usimimine mafuta mengi mbele ya pistoni ukidhani unaisaidia ngozi. Hewa inapobanwa ghafla hupata joto kali, na mafuta yaliyo mbele yake huwaka. Ndivyo injini ya dizeli inavyofanya kazi. Katika bunduki ya upepo mlipuko huo mdogo huvunja springi na kuchana ngozi.

KUTU NYEKUNDU, KUTU NYEUSI

Sasa nilikuwa na vipande mezani, na vingi vilikuwa vyekundu. Mtu wa pupa hapa huchukua brashi ya waya na mashine. Chuma kitang'aa, lakini herufi zilizogongwa zitalainika, pembe zitaviringika, na bunduki itafanana na kijiko.

Kuna njia ya upole. Ile rangi nyeusi yenye kuelekea buluu unayoiona kwenye bunduki za zamani, kwa njia mojawapo ya kale ya kuipata, ni kutu. Fundi aliacha chuma kipate kutu nyekundu nyembamba kwa makusudi, kisha akakichemsha majini. Katika maji yanayochemka kutu nyekundu hugeuka kuwa nyeusi, ngumu na tulivu, inayoshika chuma na kukilinda. Akaisugua kwa upole, akarudia tena na tena. Kilichokula chuma ndicho kilichofanywa kuwa nguo yake.

Kwa hiyo nilichukua vipande vidogo visivyo na ngozi wala mbao, nikaviosha kwa sabuni kutoa mafuta, nikavitundika kwa waya ndani ya sufuria ya maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Baada ya kama dakika kumi, ule wekundu ulianza kukolea, kama majani ya chai yanavyokolea. Baada ya nusu saa bamba la kifyatulio, lililoingia likiwa na rangi ya tofali, lilitoka jeusi kama masizi. Nililisugua kwa pamba laini ya chuma. Masizi yakaondoka, na chini yake kulikuwa na weusi uliobaki, na chini ya weusi huo, kando ya ukingo, mstari mwembamba wa tupa. Mtu alipitisha tupa hapo kwa mkono, mara moja, kuondoa ukali ili kidole cha mtumiaji kisikwaruzwe. Brashi ya waya ingeufuta mstari huo kwa sekunde mbili.

Palipoliwa sana pamebaki na vishimo. Nimeviacha. Kuvimaliza ningelazimika kushusha uso mzima wa chuma hadi chini ya vishimo hivyo, na herufi zingekwenda navyo.

KITAMBAA

Siku ya kumi na tisa nilitandika shuka nyeupe juu ya meza na kupanga kila kitu kwa mpangilio kilivyotoka: kitako cha mbao ya mjozi chenye ufa wake, skrubu katika kipande chake cha boksi, wenzo, kiungo, koki katika kikopo chake, kipande cha kifyatulio, springi iliyopinda, pistoni, bahasha. Nilihesabu vipande 37. Nikavilinganisha na mchoro, kimoja kimoja.

Baba alikuwa na mtihani mmoja kwa vijana aliowafundisha. Aliwapa kitovu cha gurudumu wakifungue juu ya mkeka, wakisafishe, wakifunge. Hakuangalia kama gurudumu linazunguka. Aliangalia mkeka. Kikibaki kitu hapo, hata gololi moja, alisema, "Hukufungua, ulibomoa," na kijana alianza upya.

Nilikunja pembe za shuka juu ya vipande vyote, nikafunga kwa ile kamba ya yule mzee, kwa fundo linalofunguka bila kukatwa.